Flashi ya kamera imegoma: niitengeneze, ninunue ya nje au nibadilishe kamera?

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Mimi ni mpiga picha wa sherehe, na kina mama wa hapa hupenda kuniita kwa sababu wanajisikia huru zaidi kupigwa picha na mwanamke mwenzao katika shughuli zao za ndani, kama vile kicheni pati, sendofu na maulidi. Siku za kazi napiga picha za pasipoti za wanafunzi na za watu wanaojaza fomu za mikopo, kwa hiyo kamera yangu haipumziki sana.

Kamera yenyewe ni DSLR (zile kamera kubwa za lenzi za kubadilisha) ya daraja la kuanzia, yenye lenzi ya milimita 18-55, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Sasa flashi yake ya ndani, ile inayochomoza juu ya nembo, imegoma. Nikibonyeza kitufe chenye alama ya radi hakuna kinachotokea, na hata nikiiweka kamera kwenye otomatiki mahali penye giza, flashi hainyanyuki kama ilivyozoea. Nimejaribu kuinyanyua kwa ukucha. Inasimama bila kukwama, lakini nikipiga picha haiwaki. Mambo mengine yote yako sawa, na kamera haijaanguka wala kuingia maji. Ninavyokumbuka, flashi ilikuwa nzima hadi siku chache kabla ya harusi moja ya Pangani, ambako binamu yangu aliniazima flashi yake ya nje kwa usiku ule. Baada ya hapo kazi zilipungua, kamera ikakaa kwenye begi kipindi kizima cha masika, na nilipoitoa ndipo nikaikuta katika hali hii.

Nilimpelekea fundi wa simu na kompyuta. Bila kuifungua alisema flashi imekufa, na kwamba atabadilisha kichwa chote cha flashi kwa shilingi 220,000, spea akiitoa kwenye kamera mbovu ya aina hiyohiyo. Kaka yangu anasema kutengeneza kitu cha zamani ni kutupa pesa, afadhali nichukue mkopo wa kikoba ninunue kamera mpya, ambayo dukani nimetajiwa shilingi 1,900,000. Binamu yangu naye yuko tayari kuniuzia flashi yake kwa shilingi 150,000. Hiyo naiogopa kidogo, kwa kuwa picha nilizopiga nayo Pangani zilitoka na kanzu nzuri lakini nyuso nyeusi, ingawa flashi hiyo inajipangia mwanga yenyewe.

Naomba unisaidie kuamua. Pia ningependa kujua kama taa ya LED ya kushika mkononi haiwezi kuziba pengo hili kwa bei nafuu zaidi.

Mama Picha, Tanga

JIBU

Mama Picha,

Katika barua yako kuna jambo ambalo fundi angepaswa kuliuliza kabla ya kutaja bei, nalo ni flashi ya kuazima ya Pangani. Ulipoichomeka juu ya kamera, uliipitisha kwenye ile reli ya chuma iliyo juu ya kioo cha kuchungulia. Kwenye ukingo wa ndani wa reli hiyo, mara nyingi ule wa kulia ukiwa umeishika kamera kama unayetaka kupiga picha, kamera nyingi za DSLR zina kiswichi kidogo mno, pengine kisichozidi upana wa punje ya mchele. Kazi yake ni kuiambia kamera kwamba flashi ya nje imeshachomekwa, ili ile ya ndani isinyanyuke ikagonga kichwa cha mgeni. Mguu wa flashi unapoingia hukibana kiswichi hicho, na unapotoka kiswichi hurudi mahali pake kwa nguvu ya springi dhaifu sana. Kikikwama ndani, kamera huendelea kuamini kwamba flashi ya nje bado ipo, kwa hiyo hukataa kuinyanyua ya ndani, na hata ukiinyanyua kwa ukucha hukataa kuiwasha. Dalili zako ndizo hizohizo, zimeanza baada ya flashi ya nje kuchomekwa na kuchomolewa, na kamera ilikaa begini wakati wa mvua katika mji wa pwani ambako hewa yenye chumvi hujenga kutu ya kijani kwenye kila kipande cha shaba kisichoguswa.

Siwezi kukuhakikishia kwa barua kwamba tatizo ni hilo, lakini kulikagua ni bure na hakuhitaji kufungua hata skrubu moja, kwa hiyo lifanye kabla ya kutoa senti kwa mtu yeyote. Kwanza iweke kamera kwenye P, yaani hali ya programu, kwa sababu zipo hali, kama ile ya michezo na ile ya otomatiki isiyo na flashi, ambazo huizima flashi kwa makusudi. Kisha ingia kwenye menyu ya flashi uhakikishe kwamba uwakaji haujazimwa. Ukikuta mipangilio ya flashi ya ndani imefifia na haikubali kuchaguliwa, ilhali hakuna kitu juu ya kamera, basi kiswichi kinazidi kushukiwa. Baada ya hapo zima kamera, toa betri, na umulike reli kwa tochi ya simu ukiwa umeiinamisha kamera kidogo. Kitafute kiswichi chini ya mdomo wa chuma, ukilinganisha ukingo wa kulia na wa kushoto; upande mmoja utaona kijiulimi cha chuma au plastiki ambacho upande wa pili hauna. Kisukume taratibu kwa ncha ya kijiti kikavu cha meno na uone kama kinarudi chenyewe. Kisiporudi, chovya pamba katika spiriti safi, ikamue hadi isidondoke, ipitishe kwenye ukingo huo, halafu chukua flashi ya binamu yako ikiwa imezimwa, uuingize na kuutoa mguu wake kwenye reli mara kadhaa bila kutumia nguvu. Usimwagie mafuta ya kulainishia vitasa wala ya cherehani, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi na huweza kushuka hadi kwenye kioo cha kuchungulia. Acha kamera ikauke kabla ya kurudisha betri, ndipo ubonyeze kitufe cha radi.

Ikiwaka, suala la matengenezo limekwisha, na fundi humdai wala hakudai. Kama kiswichi kimevunjika au springi yake imechoka, kinaweza kubadilishwa au kukatwa mawasiliano yake, na hiyo ni kazi ndogo ambayo haifanani kabisa na kubadilisha kichwa kizima cha flashi. Kwa kazi hiyo ningelipa bila kusita, mradi bei iwe ya kazi ndogo.

Hali inabadilika ikiwa kiswichi ni kizima na flashi bado haiwaki. Kwa kuwa inasimama bila kukwama, bawaba zake sizishuku sana, ingawa nakuomba usiendelee kuinyanyua kwa ukucha kwa sababu kufuli yake ni ya plastiki laini. Kinachobaki ni umeme. Inyanyue mara ya mwisho mahali penye utulivu, washa kamera, uisikilize kwa karibu: flashi inayojichaji hutoa mlio mwembamba unaopanda, kisha hunyamaza, na alama ya radi huonekana ndani ya kioo cha kuchungulia. Mlio ukisikika na alama ikaonekana lakini mwanga usitoke, ubovu uko kwenye bomba la zenoni, lile linalotoa mwako, au koili ya kuliamsha. Pasipo mlio wala alama, kinachoshukiwa ni saketi ya kuchaji au fleksi, yaani utepe mwembamba wa nyaya unaopita kwenye bawaba, ambayo hukatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa kwa miaka. Ipo na hali ya tatu, ambayo ndiyo pekee inayoweza kuisumbua kamera nzima: kamera inaandika kwamba iko kwenye shughuli, inakataa kupiga, na betri inaisha upesi. Ukiiona hiyo, laza flashi, izime kwenye menyu, na uendelee na kazi zako bila kuigusa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na fundi wako, si kwa dharau bali kwa sababu ya volti. Betri ya kamera kama yako ina volti 7 na ushee, lakini saketi ya flashi huzipandisha hadi takriban 300 na kuzihifadhi kwenye kapasita, kisha koili hupeleka mshtuko wa maelfu ya volti kwenye ganda la bomba ili gesi iliyomo iwake. Kapasita hiyo huweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya betri kutolewa. Fundi wa simu, hata awe hodari namna gani, amezoea betri isiyofika volti 5, na mikono yake imejifunza kugusa bodi bila woga. Akiigusa kapasita hiyo anaweza kuumia vibaya, na akiikutanisha na bodi kuu kwa ncha ya bisibisi anaweza kuiua kamera iliyoletwa kwake ikiwa na ubovu wa flashi tu. Kabla ya kumkabidhi fundi yeyote, muulize ataimwagaje chaji ya kapasita. Anayejua kazi atakutajia rezista na mita ya kupimia. Anayesema kwamba akishatoa betri hakuna umeme tena, mshukuru na uondoke na kamera yako. (Wewe mwenyewe usiifungue kabisa, hata kama umeona mtu akifanya hivyo kwenye video.)

Sasa tuje kwenye zile 220,000. Hata kama fundi ni hodari, unacholipia ni kichwa kilichotolewa kwenye kamera iliyokufa, ambacho hujui kimewaka mara ngapi, na ukishakifunga unarudi pale ulipokuwa, yaani na flashi ndogo iliyo karibu mno na lenzi. Flashi za ndani za DSLR za kuanzia huwa na namba ya mwongozo, yaani kipimo cha nguvu ya flashi, ya 12 au 13 hivi kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga), na ukiigawanya namba hiyo kwa tundu la lenzi unapata umbali ambao mwanga unafika. Kwa f/5.6, ambayo ndiyo lenzi yako hufikia ukivuta hadi 55, namba ya 13 inakupa mita 2.3 tu. Ukipandisha ISO hadi 400 umbali unakuwa mara mbili, mita 4.6, ambazo zinamtosha bibi harusi na mama yake lakini hazitoshi ukoo mzima uliojipanga safu tatu jukwaani. Macho mekundu na ule mng'ao wa jasho kwenye paji la uso navyo vinatokana na flashi kukaa karibu na lenzi na kutazama mbele moja kwa moja, na hakuna fundi anayeweza kuvitengeneza.

Kuna mazingira mawili ambayo ningekushauri ufanye ukarabati wa umeme wa flashi ya ndani. La kwanza ni kama kamera yako ni ya zile ambazo flashi yake ya ndani huziamuru flashi nyingine bila waya, kama Canon EOS 700D au Nikon D7000, na wewe kweli unaitumia kwa kazi hiyo. La pili ni kama kamera iko ndani ya dhamana. Barua yako hainionyeshi lolote kati ya hayo mawili.

Kuhusu ushauri wa kaka yako, naelewa anakutakia mema, lakini mkopo wa kikoba una marejesho kila wiki au kila mwezi bila kujali kama kuna harusi au hakuna, na mwenyewe umesema kwamba masika kazi zilipungua. Zaidi ya hayo, kamera mpya haina maana ya flashi mpya. Watengenezaji wenyewe wamekuwa wakiiondoa: Nikon D810 ya mwaka 2014 ilikuwa na flashi ya ndani, ila mrithi wake D850 ya mwaka 2017 haina, na kamera ya Nikon Z30 iliyotoka mwaka 2022, ambayo ni ya daraja la chini kabisa katika familia yake, nayo haina. Ungeweza kukopa 1,900,000, ukafika nyumbani na kufungua boksi, ukakuta bado unahitaji flashi ya binamu. Kamera inayopiga vizuri katika mambo mengine yote haijafikia umri wa kubadilishwa kwa sababu ya kiungo hiki kimoja.

Kwa hiyo, kama kiswichi si tatizo, shilingi 150,000 za binamu ndizo ningezitoa, na kwa kweli hata kama flashi ya ndani itafufuka bado ningeifikiria kwa kazi za ukumbini. Faida yako ni kwamba hii umeshaitumia kwenye kamera hiihii, kwa hiyo unajua zinaelewana. Nasema hivyo kwa sababu kamera kadhaa za kuanzia za Canon za miaka ya 2018 na 2019, zikiwemo EOS 2000D, 4000D na 250D, zimeondolewa ile nukta ya katikati ya reli, na flashi za bei nafuu zinazotegemea nukta hiyo pekee haziwaki juu yake. Wapo walionunua na kurudi dukani kulalamika. Kuwa mwangalifu pia na flashi za zamani za kamera za filamu zinazouzwa mitumba kwa bei ya kutupa, maana baadhi yake hupeleka zaidi ya volti 200 kwenye reli na huweza kuiunguza kamera ya dijitali. Kabla ya kumlipa binamu, iwashe usiku mmoja, piga picha thelathini au arobaini mfululizo kwa nguvu yote ukiipa muda wa kupoa katikati, na usikilize kama inachaji kwa muda uleule mwisho kama mwanzo. Fungua na kijumba cha betri uangalie kama hakuna unga mweupe. Tenga fedha kidogo kwa betri nne za AA za kuchajiwa za aina ya Ni-MH pamoja na chaja yake, kwa sababu betri za redio za bei rahisi zitakufanya usubiri huku keki ikikatwa.

Hofu yako ya nyuso nyeusi ina maelezo, na si kosa la flashi. Flashi inayojipangia mwanga hurusha kwanza mwako mdogo wa majaribio, kamera inapima kiasi kinachorudi, kisha inaamua nguvu ya mwako wenyewe. Kanzu nyeupe inarudisha mwanga mwingi mno. Kamera inadhani mahali hapo tayari pana mwanga wa kutosha, inaipunguzia flashi nguvu, na uso wa bwana harusi ndio unaolipa gharama. Katika picha za kundi lenye kanzu nyingi, iongezee flashi nafasi moja kwenye kipimo cha fidia ya flashi, tazama uso kwenye skrini, kisha ongeza au punguza theluthi kwa theluthi. Kina mama waliojipanga kwa mabuibui meusi watakuletea kinyume chake, kwa hiyo hapo shuka kidogo. Hili lingekusumbua hata kwa flashi ya ndani, ila uwezo wake mdogo ulikuwa unalificha.

Faida kubwa ya flashi ya nje ni shingo yake inayogeuka. Katika ukumbi wenye dari nyeupe ya jipsamu, ielekeze juu na mbele kidogo, ISO 800, f/4 au f/5.6, na spidi ya shata isiyozidi 1/200 ya sekunde, na mwanga utashuka mpana bila kivuli kikali nyuma ya masikio. Tazama dari kwanza, lakini. Wapambaji wa siku hizi huifunika yote kwa vitambaa, na kitambaa cha zambarau kitampaka kila mgeni rangi ya zambarau ambayo hutaiondoa kirahisi kwenye kompyuta. Hapo, na pia chini ya turubai usiku ambako hakuna dari ya maana, rudisha kichwa mbele, weka kile kifuniko cheupe cha plastiki, na usogee karibu. Usihadaike na namba ya mwongozo ya 58 au 60 iliyoandikwa kwenye boksi la flashi za aina hii, kwa kuwa hupimwa kichwa kikiwa kimebanwa kwa lenzi ndefu ya milimita 105 au 200. Kwa lenzi pana inashuka sana, ingawa bado inaizidi ile ya ndani kwa mbali.

Kwa picha za pasipoti huhitaji flashi yoyote. Mkalishe mteja akitazama dirisha au mlango ulio wazi usiopigwa na jua la moja kwa moja, msogeze walau mita moja kutoka kwenye kitambaa cha nyuma ili kivuli kisimfuate, na weka karatasi nyeupe au ubao uliofunikwa shuka upande wenye giza.

Taa ya LED ya kushika mkononi inafaa kwa video na kwa picha za karibu za mikono yenye hina, kwa kuwa unauona mwanga kabla ya kupiga. Kwa watu wanaocheza haitoshi: mwanga wake ni wa kuendelea, dhaifu mbele ya mwako wa flashi, na utalazimika kushusha spidi hadi mikono ya wachezaji iwe ukungu. Tena kina mama hawapendi kumulikwa machoni usiku kucha. Kama unayo tayari, itumie kuisaidia kamera kupata fokasi gizani. Kama huna, usiinunue kabla ya flashi.